Anwani ya Ghorofa ya Tatu

Kila siku saa mbili asubuhi, karakana ya Fundi Soli ilikuwa wazi. Mkewe alifagia vipande vya ngozi. Binti yao alipanga rafuni kalibu za mbao zenye umbo la mguu, kila jozi ikiwa na jina la mwenye miguu. Fundi mwenyewe alikoroga gundi. Familia hii ilishona viatu vya watu ambao viatu vya dukani haviwafai: mwenye mguu mmoja mfupi, mwenye kifundo kilichopinda.

Kwa miaka mingi karakana ilikuwa ghorofa ya tatu, katika jengo lisilo na lifti. Wiki tatu zilizopita walihamia ghorofa ya chini, mtaa wa pili. Walihama kwa sababu moja tu: wateja wao wasipande ngazi tena.

Asubuhi hiyo aliingia mama mmoja mwenye magongo. Jasho lilimtiririka.

"Karibu, mama. Mbona unahema hivyo?"

"Natoka ghorofa ya tatu, jengo lile la zamani. Nilitafuta kwenye simu, ikaniambia mko huko. Nimepanda ngazi zote. Nikakuta kufuli, na karatasi inayosema mmehama."

"Pole sana, mama."

"Kupanda si kitu, fundi. Kushuka ndiko kulikonimaliza."

Alikuwa mteja wa nne kupatwa na hayo. Alipokwisha kupimwa na kuondoka, Fundi Soli alimgeukia binti yake.

"Nilikuagiza ubadilishe anwani kwenye tovuti yetu."

"Nilibadilisha siku ileile tuliyohama, baba."

"Natazama kila asubuhi. Anwani ni ileile ya zamani. Macho yangu yananidanganya?"

Binti aliinamia kalibu zake.

"Mwache mtoto apumue," alisema mkewe.

"Apumue, lakini watu wanapanda ngazi."

Mchana alifika jirani yao, mkutubi, kuchukua viatu vyake. Kwa kuwa kazi yake ni kunyamazisha watu maktabani, mtaa mzima ulimwita Bi Kimya, ingawa yeye mwenyewe hakunyamaza hata kidogo. Fundi alimweleza shida yake.

"Hebu nionyeshe unavyotazama," alisema Bi Kimya.

Fundi aliandika jina la karakana kwenye simu. Orodha ya majibu ikatokea. Chini ya jibu la kwanza palikuwa na maelezo mafupi: ghorofa ya tatu.

"Umeona mwenyewe?"

"Nimeona. Sasa fungua ukurasa."

"Niufungue wa nini, na jibu liko hapa?"

"Bonyeza, fundi. Hauumi."

Alibonyeza. Ukurasa ukafunguka: *Tumehamia ghorofa ya chini*. Tarehe ilikuwa ya siku waliyohama. Fundi Soli alisoma mara mbili, kisha akakaa juu ya stuli.

"Kwa hiyo nani mwongo?"

"Hakuna. Sikiliza. Maktabani, ukiniulizia kitabu, sipekui rafu zote. Natazama kadi inayosema kilipo. Kitabu kikihamishwa nami sijaandika kadi upya, nitakupeleka mahali patupu. Mtambo wa kutafuta, huo unaokupa majibu kwenye simu, hufanya vivyo hivyo. Ukiuliza, hauendi papo hapo kutazama kurasa zote. Unatazama nakala ulizoziweka akibani. Mtambo una programu zinazopita kwenye kurasa, kuzisoma na kuzinakili. Ukurasa wa habari unaobadilika kila saa hupitiwa mara nyingi. Wenu unaweza kukaa siku nyingi bila kupitiwa, hata wiki kadhaa."

"Kumbe nasi tumo kwenye foleni," alisema mkewe.

"Tena mkiani. Lakini tazameni hapa." Bi Kimya aliteremsha orodha. "Huu ni ukurasa wa chama cha mafundi. Bado una anwani ya zamani. Huu hata ukinakiliwa leo hii, utasema ghorofa ya tatu, kwa sababu hakuna aliyeusahihisha."

Binti aliinua kichwa. "Chama nitawaandikia mimi. Na pana mahali pa mwenye tovuti kuuomba mtambo uje kuupitia ukurasa upya."

"Omba. Ni ombi, si amri, kwa hiyo uwe na subira."

"Na ile karatasi tuliibandika mlangoni kule juu," alisema mkewe polepole. "Mtu anaisoma akiwa ameshapanda. Naenda kuibandika chini, pamoja na namba yetu ya simu."

Walipobaki wawili, Fundi alikohoa. "Binti yangu, nimekuonea. Wiki tatu nzima."

"Yameisha, baba."

"Hayajaisha. Nionyeshe pale tarehe inapoandikwa. Nataka kuiona kwanza kabla sijaamini kitu."

Siku ya kumi na moja baada ya ombi hilo, maelezo kwenye orodha yalibadilika. Chama kilichelewa zaidi. Ilibidi binti awapigie simu mara mbili. Lakini tangu karatasi iliposhushwa, hakuna mteja aliyepanda tena.

Mwezi uliofuata, simu ya karakana iliita.

"Nimeona anwani mbili, yenu na ile ya chama," alisema mzee mmoja. "Nimefungua ukurasa wenu, nikaona tarehe. Nimeona nihakikishe kabla sijatoka. Kuna ngazi?"

"Hakuna hata moja, baba," alijibu binti.

Baada ya nusu saa mzee aliingia taratibu, akaketi bila kuhema. Fundi Soli alipiga goti mbele yake na kufungua kamba za kiatu.

"Tuanze na mguu huu unaouma," alisema.