Mkono Uliofundishwa Kunyamaza

Mambo haya yalitokea mwaka 2011, katika majira ya mvua.

Kinyozi alikuwa na chumba kimoja kando ya barabara. Ndani mlikuwa na kioo kirefu, benchi la wateja na kiti cha kunyolea kinachopanda na kushuka kwa kukanyagwa. Asubuhi hiyo mvua ilinyesha tangu alfajiri. Aliyeketi kwenye kiti alikuwa rafiki yake wa siku nyingi, mwashi, ambaye hakuweza kujenga kwa sababu ya mvua.

"Ninyoe vizuri," mwashi alisema. "Nataka nikifika nyumbani mke wangu asinitambue."

"Kichwa chenyewe kama jiwe la msingi," kinyozi alijibu. "Nifanye nini nacho?"

Wakacheka. Kinyozi alikuwa amemaliza upande wa kulia. Alipohamia upande wa kushoto, mashine ilimponyoka, ikaanguka sakafuni, ikaendelea kunguruma peke yake. Mwashi alidhani ni mzaha. Alipotazama kwenye kioo, aliona mdomo wa rafiki yake umepinda. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukining'inia. Kinyozi alijaribu kusema, lakini maneno yalitoka yamevurugika.

Mwashi hakumpaka dawa wala hakumlaza apumzike. Alitoka mbio, kitambaa cha kunyolea kikiwa bado shingoni, akasimamisha gari la kwanza lililopita, akampeleka hospitali. Alifanya sawasawa. Mdomo ukipinda ghafla, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, huenda ni kiharusi. Mgonjwa wa kiharusi hapaswi kusubiri hata kidogo.

Madaktari waliyaokoa maisha ya kinyozi. Maneno yalirudi. Miguu nayo ilirudi, ingawa kwa kuchechemea. Mkono wa kulia haukurudi.

Mwashi alikuwa ameshinda hospitalini akiwa amenyolewa upande mmoja. Tangu siku hiyo watu wa mtaani wakamwita Nusu Kichwa.

*

Mke wa kinyozi alikuwa dobi. Alifua na kupiga pasi nguo za watu, na mikono yake ilikuwa myepesi. Mumewe aliporudi kutoka hospitali, aliazimia moyoni kwamba hatampa taabu yoyote. Alimvalisha shati, akamfunga vifungo kabla mumewe hajakigusa hata cha kwanza. Alimlisha. Alimchana nywele. Binti yao, aliyejifunza kunyoa kwa baba yake, alimshikia kikombe.

Mwanzoni kinyozi alijaribu. Siku moja aliunyosha mkono wa kulia kuelekea kikombe cha chai. Vidole vilikigusa, vikaanza kutetemeka.

"Baba, acha! Utajiunguza!" binti alipiga kelele.

Kikombe kikapinduka. Chai ilienea mezani, ikadondokea nguo za wateja zilizokwisha kupigwa pasi. Mkewe alishusha pumzi tu, akaanza kupangusa. Kinyozi aliisikia pumzi ile, nayo ilimchoma kuliko tusi.

Kesho yake alikaa kimya, mkono wa kulia umelala mapajani. Mkewe alimpapasa bega.

"Leo umetulia vizuri, mzee wangu. Hukujisumbua."

Hivyo ndivyo siku zilivyokwenda. Alipojaribu, watu walishtuka. Alipotulia, walifurahi. Basi akatulia. Akajizoeza kufanya yote kwa mkono wa kushoto, na yaliyomshinda akawaachia wengine. Mkono wa kulia akauita "mzigo". Alipoketi aliufunika kwa kitambaa, kama mtu anayefunika kitu cha aibu.

Jioni moja alisema, "Uzeni kiti."

Binti alisimama. "Kiti gani, baba?"

"Kiti changu. Chumba pia kirudisheni kwa mwenyewe."

"Na mimi nitanyolea wapi?"

"Nyolea barazani. Weka kigoda. Mimi sitaki kukiona kiti kile tena."

"Baba, subiri kidogo. Labda—"

"Labda nini?" Kinyozi aliupiga mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto. "Huu? Huu umekwisha kufa. Mnasubiri nini kwa maiti?"

Kiti kikauzwa. Wachukuzi walipokipitisha mbele ya nyumba, kinyozi aligeukia ukuta, wala hakugeuka mpaka sauti zao zilipotoweka.

Nusu Kichwa peke yake ndiye aliyekuja kila wiki akipiga kelele mlangoni.

"Kinyozi! Iko wapi nusu yangu? Nakudai!"

"Shemeji, huna haya?" mke wa kinyozi alimkemea. "Mtu hana mkono, wewe unamdai kunyolewa?"

"Shemeji, nikiacha kumdai nitakuwa nimemzika."

"Nenda ukanyolewe kwingine," kinyozi alisema kwa sauti ndogo, bila kuinua uso. "Mimi si kinyozi."

*

Mvua zilikuwa zimepita na kiangazi kimeingia, hospitali ilipomtuma mtaalamu wa tiba ya viungo. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya upole na macho yasiyopepesa.

"Endeleeni kama kila siku," alisema. "Mimi nitatazama tu."

Kinyozi alikuwa na kiu. Kabla hajasema, mkewe alikwisha kuleta maji, akayapeleka mdomoni mwake.

"Hebu simama hapo, mama," mtaalamu alisema. "Umeviona vidole vyake vikisogea chini ya kitambaa?"

"Vidole vipi?"

"Vya mkono wa kulia. Vilitaka kwenda kwenye bilauri. Wewe ukavitangulia."

Akakiondoa kitambaa. Akamwomba kinyozi ainue kiganja na kufungua vidole. Kinyozi alikaza uso. Kiganja kiliinuka kidogo sana. Vidole vilifunguka nusu, vikajifunga tena. Binti akaziba mdomo kwa mkono.

"Mkono huu haukufa," mtaalamu alisema. "Umefundishwa kunyamaza."

"Umefundishwa na nani?" binti aliuliza.

Mtaalamu aliketi. "Wako watafiti wa saikolojia waliotumia miaka mingi kuchunguza jinsi viumbe wanavyojifunza. Waliona kwamba tendo likifuatwa na jambo jema, hurudiwa. Likifuatwa na maumivu au aibu, huachwa. Baada ya kiharusi, mkono hujaribu ukashindwa. Kitu huanguka, watu hushtuka. Ubongo hujifunza kwamba kujaribu hakufai. Baadaye ubongo hupata nafuu, lakini lile fundisho hubaki. Mgonjwa huwa na nguvu asiyoitumia, wala hajui kwamba anayo. Sasa niambieni, mzee akijaribu huwa mnafanya nini?"

Binti aliinamisha macho.

"Na akitulia?"

Mke wa kinyozi alijifunika uso kwa kanga. "Tunamsifu," alisema. "Tunamsifu kwa kutulia. Basi mimi ndiye niliyemlemaza mume wangu!"

"Aliyemlemaza ni kiharusi, mama. Wewe ulimpenda, ila hakuna aliyekuelekeza. Lakini sitakudanganya. Miezi hii yote imepotea."

"Na kiti kimepotea," kinyozi alisema. Akacheka kicheko kikavu ambacho hakuna aliyekipenda.

Mtaalamu alimtazama usoni. "Si kila mkono hurudi, mzee. Wako unafungua vidole kidogo, ndiyo maana ninathubutu kujaribu. Hautarudi wote. Na kazi yenyewe itakuchosha hata unichukie."

"Nimekwisha kuanza kukuchukia," kinyozi alisema.

*

Mtaalamu aliwaonyesha njia. Kwa saa kadhaa za mchana, mkono mzima wa kushoto ulivalishwa glavu nene ili usiweze kushika kitu. Mkono wa kulia ukabaki bila msaidizi. Glavu ilivuliwa alipotembea, asije akaanguka akakosa pa kujishikia. Ilivuliwa pia palipokuwa na moto au kitu cha moto. Kazi ziligawanywa vipande vidogo. Kwanza alisukuma kibanio cha nguo mezani. Kisha akakishika. Kisha akakiinua. Kisha akakibana kwenye ukingo wa ndoo.

"Akifaulu kidogo, msifuni papo hapo," mtaalamu alisema. "Taja alichokifanya. Usiseme 'vizuri' tu. Sema, 'Umekiinua.' Na akishindwa, usishtuke, usishushe pumzi. Punguza kazi iwe ndogo zaidi, ajaribu tena."

"Baba, ukiweza kubana vibanio vyote, nitakununulia redio," binti alisema.

Mtaalamu alitikisa kichwa. "Zawadi ya mwezi ujao haiwezi kukifundisha kidole cha leo. Kibanio kikishika, hiyo ndiyo zawadi yake. Ninyi kazi yenu ni kuiona."

Kwa mke wa kinyozi lililokuwa gumu ni kungoja. Mikono yake ilizoea kukimbia. Kila mumewe alipohangaika, ilikuwa imekwisha kufika. Mwishowe alibuni dawa yake mwenyewe. Aliikalia. Aliketi kwenye mkeka, akaweka viganja chini ya mapaja yake, akamtazama mumewe akitaabika huku machozi yakimtiririka.

Siku mbaya zilikuwa nyingi kuliko njema. Siku moja kibanio kilimponyoka kinyozi mara kwa mara, mpaka akaisukuma ndoo kwa mguu, ikabingirika uani.

"Nimechoka!" alipiga kelele. "Mimi niliyenyoa mabwana harusi, leo napigiwa makofi kwa kushika kibanio! Mnanicheka! Afadhali ningekufa pale pale kwenye kiti changu!"

Binti alitaka kumkimbilia. Mama yake alimzuia kwa macho, bila kuinuka wala kuitoa mikono yake.

Kinyozi alilia kama mtoto. Hakuna aliyemnyamazisha. Kibanio kilikuwa kimeangukia karibu na unyayo wake. Alikitazama kwa muda mrefu. Kisha akainama, mkono wa kulia ukashuka ukitetemeka, vidole vikatambaa, vikakishika.

"Umekiokota," mkewe alisema.

"Nimekiokota," kinyozi alisema kwa hasira, akipangusa pua kwa glavu.

*

Mvua zilirudi. Kinyozi sasa alijifunga vifungo vyake, ingawa cha shingoni kilimshinda. Alikunywa maji kwa mkono wa kulia. Kushika wembe hakuweza, na mtaalamu alimwambia waziwazi kwamba hataweza tena. Chumba cha kando ya barabara kilikuwa na mpangaji mwingine. Kiti chake kilikuwa katika mtaa wa mbali, na watu wengine walikuwa wakikikalia.

Asubuhi moja Nusu Kichwa aliingia barazani akivua kofia. Upande wa kulia wa kichwa chake ulikuwa umenyolewa safi. Upande wa kushoto nywele zilikuwa zimejaa.

"Nani kakufanya kinyago hivyo?" kinyozi aliuliza.

"Binti yako, jana. Nimemwambia aishie hapo. Upande huu si wake. Nimepita sokoni hivi hivi, watoto wamenifuata wakiniimbia."

"Wewe ni mwendawazimu."

"Mwendawazimu anayedai chake." Nusu Kichwa akavuta kigoda, akaketi, akamgeuzia mgongo.

Kinyozi hakusogea. Binti alimfunga Nusu Kichwa kitambaa shingoni, akaiweka mashine mezani, hakumkabidhi baba yake. Akarudi nyuma. Mke wa kinyozi aliacha kufua. Aliketi kwenye mkeka, akaikalia mikono yake.

Vidole vya kinyozi vilikwenda polepole, vikaifunika mashine, vikaiinua. Aliiwasha kwa mkono wa kushoto. Mashine ilinguruma, na yeye akashtuka kidogo, kwani hakuwa ameisikia ikinguruma mkononi mwake tangu siku ile.

"Nikikuharibu?"

"Kichwa chenyewe kama jiwe la msingi," Nusu Kichwa alisema. "Utaharibu nini?"

Alianzia nyuma ya sikio. Mkono ulichoka, akapumzika, akaanza tena. Mistari ilipinda. Palibaki vishungi hapa na pale, kama nyasi zilizolishwa na mbuzi mvivu. Chai ya asubuhi ilikwisha kupoa alipoizima mashine. Akainama, akapuliza nywele shingoni mwa rafiki yake, akakikung'uta kitambaa kwa mkono wa kulia.

"Haya, inuka," alisema. "Hunidai."