Maziwa Yaliyokataa Kuganda

Kwetu Gendabi asubuhi inaanza na ng'ombe. Baba anakamua. Mama anachemsha maziwa, anayaacha yapoe kidogo, anamimina kwenye kibuyu na kuongeza mtindi wa jana. Kesho yake yameganda. Ni hivyo siku zote.

Wiki ile yalikataa. Jumanne maji maji. Jumatano maji maji, tena yananuka.

"Kuna mtu amechungulia kibuyu changu kwa jicho baya," Mama akasema.

Nilijua anamsema nani. Ni jirani yetu Genoveva, tunayemwita Mama Severine. Jumatatu alikuja kuazima ungo. Akafungua kibuyu, akasema, "Mama Rogathe, maziwa yako mazuri hivi!" Rogathe ni mimi. Kosa lake ni hilo tu.

"Jumapili hatamshika mwanangu kanisani," Mama akasema. "Nitatafuta mama mwingine wa ubatizo."

Mimi sikutaka mwingine. Mdogo wangu Alfredi alizaliwa njiani tukienda zahanati, na aliyempokea ni Mama Severine. Kanzu nyeupe ya ubatizo alishaishona.

Mimi ni mwoga wa kusema. Hata darasani nikijua jibu nanyamaza. Lakini mwalimu alitufundisha kwamba maziwa yanagandishwa na bakteria, vidudu vidogo ambavyo macho hayavioni. Sasa bakteria wetu wamepatwa na nini?

Alhamisi alipita Agatha, afisa mifugo wa kata. Watu wanamwita bwana mifugo, ingawa ni mama wa watoto wanne.

"Shikamoo," nikasema. Maneno yakaisha hapo hapo.

"Marahaba. Sema binti, siumi mimi."

Nikamweleza yote. Akamgeukia Baba. "Mzee Gidion, umemchoma ng'ombe sindano?"

"Ndiyo. Kiwele kilivimba. Zamani dawa tulingoja ya serikali, siku hizi duka lolote mjini Katesh unapata. Nikachoma Jumapili na Jumatatu. Akapona, nikaacha."

"Na maziwa?"

"Tunakunywa! Nimwage maziwa, nina wazimu?"

Agatha akakishika kiwele, akakiangalia vizuri. "Kimepona, una bahati. Lakini sikia. Hiyo dawa ni antibayotiki. Inaua bakteria, na haichagui huyu wa ugonjwa, huyu wa mtindi. Inaingia kwenye damu ya ng'ombe, halafu kwenye maziwa. Ukichemsha, haiishi yote."

"Hayo maneno ya ofisini," Mama akasema. "Mimi namjua aliyechungulia."

"Basi tujaribu!" nikasema. Wote wakanigeukia. Mimi mwenyewe nilishangaa.

Nikakimbia kwa Mama Severine kuomba maziwa na kijiko cha mtindi. Maneno ya Mama yalikuwa yameshamfikia.

"Mama yako amekutuma uchukue maziwa au jicho langu?" akaniuliza.

"Maziwa, Mama. Ila naomba na jicho lije."

Akacheka, akaja. Tulichemsha maziwa yake na yetu, kila moja sufuria yake. Yalipopoa kidogo nikatia mtindi wake sawa sawa kwenye vikombe viwili. Halafu nikamwambia, "Mama Severine, chungulia vyote."

Akainama, akatoa macho kama kinyonga. "Nimechungulia! Nichungulie tena?"

Baba alicheka mpaka akakaa chini. Mama hakucheka. Alivifunika vikombe mwenyewe.

Asubuhi nilivifunua kabla sijanawa uso.

"Mama! Mama, njoo!"

Kikombe cha Mama Severine kilikuwa kimeganda, kijiko kinasimama. Chetu kilikuwa maji. Macho ni yale yale, mtindi ni ule ule! Mama alichovya kidole huku, akachovya kule.

Agatha alirudi mchana. Akasoma maandishi ya chupa ya dawa, akatuonyesha. "Hii inasema siku saba baada ya sindano ya mwisho, maziwa yasinywewe na mtu. Na dozi usiikatishe. Ukiacha njiani, bakteria wenye nguvu wanabaki na kuzaana. Kesho dawa haiwawezi tena. Na watu ni hivyo hivyo, ukinywa dawa kidogo kidogo kwenye maziwa. Siku utakayougua, kidonge kinaweza kushindwa."

"Kumbe," Baba akasema. "Nilikuwa nawafundisha adui vita."

Akaenda kumwaga maziwa, uso umekunjamana kama anazika mtu.

Jumapili, mlangoni mwa kanisa, Mama alimfuata Mama Severine mbele ya watu. "Nimekukosea. Mshike mtoto wako." Mama Severine akampokea Alfredi. Machozi yalikuwa yanamtoka.

Siku hizi Baba hagusi sindano kabla ya kumwita Agatha, na siku za kwenye chupa anazihesabu ukutani kwa mkaa. Zile siku saba za kwanza zilipopita, Mama aligandisha tena. Yaliganda! Mama hakuyaonja. Alijaza kikombe kikubwa, akamfunga Alfredi mgongoni, akakipeleka kwa mama wa ubatizo.