Mama Yake Kasereka Ajitokeze!

"Uyu hapa, chef! Uyu njo Kasereka!"

Kidole kilichokielekea kifua changu kilikuwa cha ndugu yangu Mumbere... tumbo moja, ziwa moja!

Nilikuwa nimeketi juu ya magunia ya maharagwe, ndani ya lori lililotoka Butembo kwenda Beni. Huyo chef, askari wa bariere ya kukagua magari, alikwisha kunipita. Nilimwambia kuwa jina langu ni Abedi, mwalimu wa chuo cha Kurani, nami sikusema uongo, kwani ndilo jina nililopewa msikitini.

Askari akageuka.

"Abedi ao Kasereka?"

"Abedi ni ya musikiti," akasema Mumbere. "Kwetu banamuita Kasereka!"

Nilishushwa kwa ukosi wa kanzu. Lori likaondoka na ndugu yangu juu yake... wala hakugeuza uso.

Wapenzi wasomaji, nisubirini kidogo niwaeleze kwa nini jina langu lilikuwa hukumu.

Juzi mjukuu wangu Audrey, aliyezaliwa Ubelgiji, aliniandikia kwamba amepimisha mate yake maabara. Ameambiwa kuwa damu yake nyingi ni ya milima yetu ya Kivu, sehemu ni ya Maniema, na chembe kidogo imetoka ng'ambo ya bahari. Nikamwambia kuwa hilo nalijua bila maabara: babu yangu, mwenye damu ya Kiarabu, alitoka Kasongo ya Maniema na misafara ya biashara, akaoa Mnande, akazikwa Beni.

Kisha akauliza: "Babu, ukoo wetu wa Kasereka asili yake ni wapi? Mtandaoni naona maelfu ya watu wenye jina hili. Wote ni ndugu zetu?"

Nilicheka. Kisha machozi yakanitoka...

Maana mtu wa mwisho kuniuliza swali hilo alikuwa na bastola mkononi!

Ilikuwa zama za vita, mwaka elfu mbili na moja. Majeshi yalipokezana miji yetu kama watu wanavyopokezana kiko. Jeshi lililoshika Beni tangu mwaka uliotangulia lilikuwa na mkubwa mmoja, Komanda Michée, mtu wa mkoa wa mbali ambako mtoto hurithi jina la babu yake. Msituni kulikuwa na mpiganaji wa Mai-Mai, wanamgambo wa kienyeji, aliyevizia magari ya Komanda na kuwaua vijana wake.

Mpiganaji huyo aliitwa Kasereka.

Komanda akaapa: "Nitakamata famille yake yote!"

Sasa, aliyezaliwa kwetu anajua. Kwa Wanande, mtoto wa kiume wa kwanza wa mama huitwa Mumbere. Wa pili, Kambale. Wa tatu, Kasereka. Wa nne, Kakule. Jina halitoki kwa baba wala kwa ukoo. Mama akizaa, wanawake wanajua tayari mtoto anaitwa nani!

Komanda hakuzaliwa kwetu.

Walinitia ndani ya kontena la chuma, nyuma ya kambi. Mlango ulipofungwa, nilipapasa ukuta gizani. Hewa ilikuwa nzito, ya jasho na mkojo, na chuma kilichoma kama kikaango kilichosahauliwa motoni.

Sauti ikatoka kizani:

"Karibu kwa famille, mwenzetu. Unaitwa nani?"

"Kasereka."

Watu wakacheka, kicheko cha waliokata tamaa.

"Umu ndani banakamata Kasereka tu! Juzi askari aliita Kasereka aende kunywa maji, tukasimama bote!"

Aliyesema hivyo alikuwa Ézéchias, mchimba dhahabu wa Manguredjipa. Kando yake alikaa Mchungaji Éphraïm, mtumishi wa kanisa la Kiprotestanti. Wengine walikuwa wakulima wa Luofu, wauza kakao, fundi baiskeli... Wafupi, warefu, weusi, maji ya kunde. Wote Kasereka!

"Na weye, Shee?" akauliza Ézéchias. "Ata Baislamu biko na Kasereka?"

"Mama yangu alizaa watoto wa kiume watatu kabla ya kuchoka," nikamjibu.

"Nani alikuuzisha?"

"Mumbere wangu."

Hakuna aliyecheka tena.

Dirisha letu lilikuwa tundu moja lililotobolewa na risasi. Tulipeana zamu ya kuweka pua pale. Kwa kukosa maji ya udhu nilitayamamu kwa vumbi la ukuta, nisijue kibla kiko upande gani, hadi Mchungaji Éphraïm alipochungulia tunduni, akatazama jua, akanigeuza mabega kwa mikono yake.

"Ukielekea hivi, Shee, jua la asubuhi liko mkono wako wa kuume. Mungu atamalizia mengine."

Nilipomaliza kuswali, nilitunga ubeti ili akili isinikimbie:

Jina halina upanga,
Wala si damu ya kinga,
Ni zamu yake mchanga,
Kwa mama aliyezaa.

"Muzuri," akasema Ézéchias. "Lakini ule komanda hapana sikia mashairi!"

Naam. Siku ya tatu mlango ukafunguliwa, mwanga ukatupofusha. Komanda Michée alisimama mlangoni, kitambaa puani.

"Nani kati yenu ni mukubwa wa famille?"

"Komanda," nikasema, "hatuna famille moja. Jina hili ni la mtoto wa tatu..."

"Nyamaza! Ni mara ngapi nimeambiwa hiyo hadithi? Niliuliza Lubero: Kasereka! Luofu: Kasereka! Manguredjipa: Kasereka! Munataka niamini kama bantu bote hawa banafanana jina kwa bahati?"

"Si bahati. Ni desturi."

Akanishika kidevu, akaugeuza uso wangu kwenye mwanga.

"Weye pua yako ni ya Mwarabu. Uyu yake ni ingine. Mama yenu alitembea sana!"

Askari wakacheka. Mimi nilisikia uchungu uliopita uchungu wa njaa. Kunitusi mimi ni jambo dogo... lakini mama?

"Mama yangu ni mke wa mume mmoja, Komanda. Niue, lakini usimtaje hivyo."

Akampa askari amri. Gari la jeshi likazunguka mji mzima na kipaza sauti, nasi tukilisikia kupitia tundu la risasi:

"Mama yake Kasereka ajitokeze! Kesho, mbele ya saa sita ya muchana! Amulete mutoto wake wa pori! Asipokuja, bale bote ba kontena batakufa!"

Aliyekuwa tunduni akaondoa pua yake.

"Labda atakuja," akasema mmoja wa vijana wa Luofu. "Mama hawezi kuacha bantu bafe hivi."

Mchungaji Éphraïm akashusha kichwa.

"Hatakuja."

"Unajua aje?"

"Mama ya ule Kasereka wa pori alikufa mwaka jana. Ni miye nilimuzika."

Wasomaji wangu, je, mnaelewa? Aliyeitwa alikuwa kaburini! Mlango wetu pekee ulikuwa umefungwa kwa udongo!

Kulipopambazuka niliswali kama mtu anayeaga. Ézéchias, ambaye hakuwa na dini anayoikumbuka, alipiga magoti katikati yangu na Mchungaji, akasema, "Ombeni bote wawili. Moja wenu atakuwa na bon numéro, namba ya kweli ya Mungu."

Jua likapanda. Chuma kikaanza kulia kwa joto.

Halafu tukasikia miguu... mingi!

Ilikuwa zamu yangu tunduni. Niliona barabara nzima imejaa vitenge. Wanawake! Wengine walikuwa wametoka mbali, maana tangazo lilisafiri na malori ya usiku. Vikongwe wenye fimbo, wenye majembe begani, wenye kapu za sokoni kichwani. Mbele yao, akiwa ametoka Butembo juu ya lori la kahawa, na mtandio wake mweupe umejaa vumbi... mama yangu!

Komanda akatoka ofisini, amepigwa na butwaa.

"Nini hii? Nimeita mama ya Kasereka!"

"Ni miye," akasema mama.

"Ni miye!" akasema mwingine.

"Miye hapa!"

"Na miye!"

"Miye pia, papa!"

"Acheni!" akapiga kelele Komanda. "Kasereka ana mama moja!"

"Kila Kasereka iko na mama moja," akajibu mama yangu kwa upole. "Wangu ni ule wa kanzu. Kabla yake nilizaa Mumbere na Kambale."

"Miye Mumbere wangu alikufa na surua," akasema bibi mmoja mwenye jembe. "Kambale alizama mtoni. Lakini niliwahesabu. Aliyebakia ni Kasereka, na weye umemufungia ndani ya chuma."

Komanda akachomoa bastola.

"Nani aliwafundisha kusema hivi? Nani? Mutu akirudilia tena huu uongo, nitamupiga!"

Nilimwona mama yangu akifumba macho, midomo ikitamka shahada... na mimi niko ndani ya chuma, siwezi hata kunyoosha mkono!

Ndipo umati ukagawanyika.

Akapita mwanamke kijana, mtoto mchanga amefungwa kifuani. Nyuma yake mwanamke mzima mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Askari wote wakasimama sawasawa. Yule kijana alikuwa Joyeuse, mke wa Komanda, mjane wa Kinande aliyemwoa Beni! Nyuma yake ni Mama Jokébed, mama mkwe.

"Joyeuse! Unatafuta nini hapa? Rudia nyumbani!"

"Umeita mama ya Kasereka. Nimekuja."

"Mutoto wako anaitwa Laurent! Nilimupa jina la baba yangu! Ni wa kwanza!"

"Kwako ni wa kwanza," akasema Joyeuse. "Kwangu ni wa tatu. Batoto niliozaa na marehemu, unawaita Victor na David. Kwetu ni Mumbere na Kambale. Uyu, tangu saa alitoka tumboni, mama anamuita Kasereka. Weye unaita Laurent, miye ninanyamaza."

Komanda akarudi hatua moja nyuma.

Mama Jokébed akamfungua mtoto, akamnyoosha mbele ya bastola.

"Mukwe, fungua kontena! Kuna mufungwa mwingine. Anyonye kwanza, kisha mumutie na famille yake!"

Askari mmoja akaangua kicheko, akajiziba mdomo.

"Mubadilishe jina," akasema Komanda, sauti imeisha.

"Tubadilishe nini?" akauliza mama mkwe. "Turudishe tumboni bale bawili walimutangulia?"

Wallahi, nilimwona mtu yule akinaswa pale pale, kati ya mwanawe na neno lake. Ile sheria aliyoiandika kwa damu ya wengine ilikuwa imelala mikononi mwa mkwewe, inanyonya kidole!

Hakuomba radhi. Alirudisha bastola kiunoni, akatupa funguo chini.

"Baende."

Mlango ulipofunguka, kila mama aliita jina lilelile, na kila mwana alijua sauti iliyo yake. Nilianguka miguuni pa mama yangu.

Mumbere alikuwa amesimama mbali, karibu na lori. Yeye ndiye aliyerudi nyumbani na kumwambia mama alichonitenda, bila kuficha neno.

Mama akamwita.

"Weye njo ulifungua tumbo langu. Ndugu yako alipita njia uliyotangulia. Namna gani kwa bariere ulijificha nyuma yake?"

"Niliogopa, mama. Walisema anayeficha Kasereka atakufa naye."

"Nami niliogopa," akasema mama. "Nimekuja na woga wangu."

Mumbere akalia kama mtoto. Nilimpa mkono. Haukuwa mkono mwepesi kuutoa, lakini ukweli aliompelekea mama ndio uliomfikisha mama kwangu.

Basi Audrey, mjukuu wangu, maabara imekueleza damu yako ilikotembea, na haikukosea. Lakini jina ulilolibeba huko Ulaya si la ukoo wowote. Karani wa huko aliliona mwisho wa jina la baba yako, ambaye naye ni wa tatu kwa mama yake, akalifanya la familia. Wewe ni binti wa kwanza, nawe unaitwa mvulana wa tatu! Hao maelfu si ndugu zako wa damu. Ni maelfu ya akina mama waliozaa mara tatu, wengine wakizika wawili.

Nanyi mnaosoma, mkisikia jina la mtu likawachoma moyo, muulizeni kwanza: nani alikupa, na siku hiyo mama yako alikuwa na wangapi?