Kipimio Kilichowekwa Juani

Kila asubuhi, kabla mgonjwa wa kwanza hajaitwa, mama yake Chiriku aliipima mashine ya mionzi inayotibu saratani ya ngozi. Aliweka kipimio chini ya mdomo wa mashine, akatoka, akafunga mlango mzito na kusoma namba. Ilitakiwa mia moja. Ikishuka chini ya tisini na saba, hatibiwi mtu.

Leo ilikuwa tisini na tano.

Akarudia. Tisini na tano tena.

"Mashine imechoka kidogo," alisema fundi wa mashine. "Niiongeze nguvu tuanze. Watu wamejaa hadi hakuna nafasi."

Chiriku, aliyekuwa likizo, aliyasikia hayo akiwa kwenye benchi nje ya chumba, pamoja na babu yake. Mara akakumbuka. Mama alikuwa amemwonya asiliguse sanduku la kipimio. "Lazima kiwe na ubaridi uleule wa chumba," alimwambia, "kikipata joto kinadanganya." Lakini mama alipokuwa akijaza daftari, Chiriku aliliondoa sanduku mezani ili apate mahali pa kuchorea. Aliliweka dirishani, juani. Baadaye mama alilinyakua mbiombio huku akiongea kwa simu.

"Chiriku, leo umemeza ulimi?" babu alimtania. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kutibiwa, kidonda kikiwa sikioni. "Mgonjwa mimi, unayetetemeka wewe. Tubadilishane masikio?"

Chiriku hakucheka. Alilitazama lile sikio.

Ndani, mama alishusha pumzi. "Haya, iongeze kidogo."

Chiriku alisimama, akaenda mpaka mlangoni. "Mama..."

"Subiri kwanza, mwanangu."

"Mama, sanduku nililiweka dirishani! Juani!"

Fundi aliondoa mkono kwenye mashine kama aliyeguswa na moto. Mama alikishika kipimio. Kilikuwa bado na uvuguvugu.

"Muda gani?"

"Tangu ulipoanza kujaza daftari." Machozi yalimtoka.

 Mama aliwaomba radhi wagonjwa, akakiacha kipimio chumbani saa nzima, kisha akapima upya. Chiriku alifumba macho.

"Mia moja nukta mbili," fundi alisoma. "Mashine nzima kabisa! Kumbe ningemuunguza mzee wa watu."

Mama alimvuta Chiriku karibu. "Kuligusa sanduku ni kosa lako. Kutokukagua joto lake, na kukubali haraka vile, ni kosa langu. Nitayaandika yote daftarini. Kosa likisemwa mapema, hurekebishika. Likifichwa, anaumia mtu asiye na hatia. Umenielewa?"

"Ndiyo, mama."

Babu akaitwa. Alifika kwenye mlango mzito, akageuka. Tabasamu lake la mzaha halikuwepo tena.

"Nimetania tangu asubuhi," alisema polepole, "lakini ukweli ni kwamba naogopa. Mjukuu wangu, kaa hapo nje karibu na mlango. Nikitoka nikukute."