Harufu ya Ndimu Ngomeni Kabul

Bibi Sarvnaz alinusa ndimu kwenye mto wa mtoto. Akaugeuza, akanusa upande wa pili: ndimu na chumvi. Akakaa kitako. Tangu siku ile hapakuwa na ndimu hata moja jikoni mwa ngome. Mirza Sanjar, mtawala wa Kabul, alikuwa amezipiga marufuku.

Siku ile ndipo Mirza Yunus, mdogo wake Sanjar, alipotobolewa macho kwa kisu chembamba, kisha yakakamuliwa ndimu na kutiwa chumvi. Sanjar ndiye aliyeamuru. Yunus alikuwa amemwasi, akasamehewa, akamwasi tena, na wakuu wa jeshi walikuwa wamechoka kuzika watoto wao. Kama palikuwa na njia nyingine, hakuna aliyeiona. Sarvnaz, aliyewanyonyesha wote wawili, aliendelea kuwapikia wote pilau.

"Bibi," alinong'ona Mahliqa, mtoto pekee wa Sanjar, "mwambie baba mdogo aache kugonga fimbo darini."

"Baba mdogo yuko nyumba ya bustanini, mwanangu. Hawezi kupanda ngazi."

"Basi huyu nani? Ananipapasa uso. Anasema anatafuta macho yake."

Haikupita wiki, macho ya Mahliqa yakafunikwa na utando mweupe.

Ukoo wao ulikuwa na desturi: anayempenda mgonjwa hukizunguka kitanda chake, akimwomba Mungu amhamishie yeye maradhi. Sanjar akaanza kuzunguka. Alipofika kwenye neno "macho", ulimi ukagoma. Akasimama, jasho likimtoka, na darini fimbo ikagonga taratibu, kama mtu anayecheka.

"Mwite mdogo wako," Sarvnaz akasema kwa sauti ya chini. "Yeye hana macho ya kupoteza."

Yunus akaletwa, kitambaa kimefungwa usoni.

"Salaam, kaka. Nasikia unatafuta macho ya kuazima. Yangu uliyaweka wapi?"

Sanjar akageuza uso ukutani.

"Hata karibu hunikaribishi? Au umekuwa bubu, ili tulingane?"

"Yunus!" Sarvnaz akamkemea. "Huyu ni mtoto."

"Najua, mama." Sauti yake ikalegea. "Mimi ndiye niliyemfundisha kutembea. Nipe mkono, kaka, nisijikwae."

Sanjar akampa mkono, nao wakazunguka kitanda, mkubwa akimwongoza mdogo, na kadiri walivyozunguka ndivyo harufu ya ndimu ilivyozidi kuwa kali hata Sarvnaz akajiziba pua kwa ushungi, na ile fimbo ikateremka kutoka darini hadi ukutani, kutoka ukutani hadi sakafuni, ikawafuata nyuma, hatua kwa hatua, mpaka Yunus alipotamka, "Ulicho nacho, mwanangu, nimekibeba mimi," na chumba kizima kikanyamaza.

Mahliqa akafumbua macho. Utando umetoweka.

"Baba, mbona unalia?"

Sarvnaz akapiga magoti, akaunusa mto: pamba tupu. Akamkumbatia mtoto huku akicheka na kulia.

Sanjar akataka kuuachia mkono wa ndugu yake. Mkono haukuachia.

"Kaka," Yunus akasema polepole. Kitambaa kilikuwa bado kimefungwa, fundo halijaguswa. "Umeota mvi. Na hilo kovu shavuni ni jipya."

Pumzi yake ilinuka ndimu.

Sanjar akauvuta mkono kwa nguvu zake zote.

"Usiogope," Yunus akamwambia, kwa upole kabisa. "Huyu niliyembeba anasema hataki kitu kingine. Anataka kukutazama tu."