Masizi kwenye Jino la Bastola

Mlio wa kwanza ulitoka kabla Arsenio Ylaya hajagusa triga. Wote waliokuwa kwenye uwanja wa shabaha wa mji wa Danao Jumapili ile asubuhi walikubaliana juu ya hilo. Arsenio alipachika magazini, akaachia chuma cha juu kijifunge, kidole chake kikiwa nje kabisa, na bastola ikaanza kufyatua yenyewe mfululizo. Risasi ya kwanza iliingia ardhini. Bastola ikamruka mkononi kama samaki, mdomo ukageuka juu, na risasi ya tatu ikamwingia chini ya taya.

Sajini Perpetua Sumalinog alipofika, mwili ulikuwa umefunikwa turubai. Fundi aliyeitengeneza bastola ile alikuwa amekaa ndani ya gari la polisi, mikono mapajani.

"Ni kazi yangu," alisema mzee kabla hajaulizwa. "Arsenio alitaka triga nyepesi kwa ajili ya mashindano. Nimeilainisha kupita kiasi. Andika hivyo, mwanangu, tuondoke juani."

Alikuwa Eleuterio Batucan, Nong Teroy, yaani Kaka Teroy, kwa kila mtu Danao. Triga iliyopita karakanani kwake ilikuwa na sifa mji mzima. Haikwaruzi, haikwami, unaifikiria tu, imeshakubali. Sasa mzee huyo alikuwa anaomba kufungwa.

Kituoni Perpetua alimwekea kikombe cha sikwate, chokoleti ya moto aliyoipenda mzee. Mkono wa mzee ulipapasa meza, ukapita kando ya kikombe, ukarudi.

"Kimya chako kitakupeleka jela, Nong," Perpetua alisema. "Na leseni ya karakana itafutwa. Binti yako Merly atakula nini?"

"Merly hahusiki!" Mzee alipandisha sauti mpaka askari wa mlangoni akageuka. "Nimesema ni mimi. Mnataka nini tena?"

Perpetua aliondoka na jambo moja kichwani: hakuna aliyekuwa amemtaja Merly kwa ubaya.

Alasiri alikaa na mtaalamu wa silaha wakaifungua bastola. Ndani yake, nyundo ndogo hushikwa na jino la chuma. Triga ikivutwa, jino linaachia. Fundi hulinoa jino hilo kwa kinoo ili triga iwe laini. Likilika mno, nyundo haishikiki, mshtuko mdogo tu unaiangusha. Jino la bastola ya Arsenio lilikuwa limelika. Hapo maelezo ya mzee yalikuwa sawa.

Lakini kwenye kona ya nyundo kulikuwa na alama nyekundu.

"Damu," alisema mtaalamu.

Perpetua aliifuta kwa pamba, akainusa. Damu ya tangu asubuhi ingekuwa imeshageuka kahawia. Hii ilikuwa nyekundu ya sikukuu na ilinukia stroberi. Pembeni mwa jino lenyewe, juu ya wekundu huohuo, kulikuwa na unga mweusi laini. Ulishika kidole kama weusi wa kitako cha chungu.

"Haya ni masizi," alisema.

Kesho yake alikwenda karakanani. Merly, binti wa Nong Teroy, alikuwa peke yake, macho yamevimba. Kando ya jiriwa kulikuwa na lipstiki iliyolika nusu.

"Midomo yako mikavu, Day," Perpetua alimwambia, akimwita dada mdogo kwa lugha ya pale. "Hiyo unampaka nani?"

Merly alijaribu kucheka, akaishia kulia. "Nyundo, afande. Naipaka nyundo, naifunga, rangi inahamia pale vyuma vinapokutana. Ndipo najua wapi pa kunoa." Akafuta pua kwa kiganja. "Baba haoni. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Triga zote tangu mwaka jana ni zangu. Wateja wakijua ni mkono wa mwanamke, hawarudi. Kwa hiyo nimemuua mimi. Mtoe baba, unifunge mimi."

"Ulipomaliza uliijaribu?"

"Nilikiachia kile chuma cha juu kwa nguvu, tena na tena, hadi Leonilo, msaidizi wetu, akanicheka. Nyundo haikuanguka hata mara moja."

"Masizi hukutumia?"

"Masizi? Hayo ndiyo kipimo cha enzi za baba. Hata kibatari sina hapa."

"Nani aliipeleka bastola uwanjani?"

"Leonilo. Boksi nililifunga mwenyewe kwa utepe." Perpetua akapiga simu kituoni, mzee aletwe karakanani.

Leonilo Tumulak alikuwa fundi msaidizi pale tangu hajaota ndevu. Aliingia mchana ule akiwa na samaki wa kuchoma na wali uliopikwa ndani ya majani ya mnazi.

"Kula, Day. Mzee atatoka." Akamwona Perpetua, na Nong Teroy aliyeketishwa pembeni na askari. "Afande! Umemrudisha?"

"Nahitaji jicho la fundi, kaka. Nasikia Jumapili ulichelewa uwanjani. Kwa nini?"

"Pancha. Pikipiki haina adabu."

"Pole." Perpetua alimpa jino na nyundo alivyochukua kwenye droo ya karakana. "Niangalizie. Hivi vinakutana sawasawa?"

Leonilo alivigeuza, akaona amepewa heshima. Lipstiki ilikuwa mbele yake, umbali wa kiganja kimoja tu. Hakuitazama. Alifungua mkoba wake wa zana, akatoa kibatari, akawasha, akapitisha jino juu ya moshi mpaka likawa jeusi.

Merly aliweka kijiko chini.

"Hivyohivyo ndivyo ulivyofanya Jumapili," alisema Perpetua. "Ulifungua boksi njiani, ukalinoa tena jino, ukalipima kwa masizi. Ulitaka Arsenio akiijaribu triga kwa mkono aione laini, lakini akipachika risasi jino liachie. Masizi yako yalikaa juu ya rangi ya Merly. Ungetumia lipstiki, leo ningekuwa namfunga yeye."

"Mwanaume na lipstiki?" Leonilo alifoka, kisha akaona amesema nini. Akakizima kibatari. "Nilitaka ziende ardhini tu! Watu wacheke, wakimbie. Arsenio alikuwa rafiki yangu." Akamgeukia mzee. "Nimekupa ujana wangu, Nong. Nikakufagilia, nikakushikia taa. Ukasimama kwenye sikukuu ya mji ukasema karakana itakuwa ya huyu binti! Nikajua likitokea hili utasema ni kazi yake. Kwa nini hukusema?"

"Ni mwanangu," alisema Nong Teroy. "Na wewe nilidhani ni mwanangu."

Askari walimtoa. Majirani walikuwa wamejaa mlangoni. Kati yao alikuwamo mwanamume mmoja mwenye boksi la bastola kwapani.

"Nong Teroy, nilikuwa nimekuletea triga yangu..."

"Mimi sioni," mzee alisema kwa sauti, ili mlango mzima usikie. "Sioni tangu mwaka jana. Kazi mnayoisifu ni yake. Mpe yeye."

Yule mwanamume alimtazama Merly, akatazama boksi, kisha akaliweka mezani taratibu.

Merly alilisukuma likamrudia.

"Leo hapana," alisema, akaichukua shela yake nyeusi msumarini. "Leo nakwenda kwenye sala za Arsenio. Baba, nishike bega."

Wakatoka pamoja, na safari hii mzee hakujifanya anaiona njia.