Anayeita Alfajiri

Sauti ya mnyapara ilisikika alfajiri, ila lori lake halikusikika. Mpigapicha, mwanamke aliyekuja kambini kupiga picha za vibarua waliokimbia ukame kwao, aliliona hilo, akalipuuza.

"Kazi ipo! Njooni nyote!"

Watu wakamiminika kutoka mahemani. Mama Pacha, aliyemgawia mpigapicha nafasi ya kulala hemani mwake, alibeba pacha mmoja, wa pili akamshika mkono.

"Twende, dada. Leo Mungu katukumbuka."

Shambani pamba ilikuwa nyeupe mpaka macho yanauma. Walichuma kutwa, mpigapicha akipiga picha. Jioni walirudi na magunia yaliyofura. Walipoyatua kambini yalikuwa matupu, yakinuka nguo iliyoungua.

Mpigapicha akafungua picha zake. Kwenye kioo cha kamera hapakuwa na pamba. Palikuwa na ardhi iliyopasuka, na watu wale wote, wakubwa kwa wadogo, wameinama wakichuma hewa, vidole vikivuja damu, na pale aliposimama mnyapara, ambaye mpigapicha mwenyewe alimwona akicheka na kuwahimiza, palikuwa na vumbi lililosimama wima kama mtu, na katika kila picha lilikuwa limesogea karibu zaidi na kamera.

Akamwonyesha Mama Pacha. Mama akatazama, kisha akaficha vidole vyake ndani ya nguo.

"Hilo ni jini," akanong'ona.

"Basi kesho msiende."

"Na nani mwingine anatuita, dada?"

Mpigapicha akamwendea kibarua mmoja mzee, mjuzi wa kutoa majini. Mzee akafukiza ubani, akasoma mpaka sauti ikamkauka. Huko shambani kitu kikalia kama mtoto aliyeachishwa ziwa, kikanyamaza.

Alfajiri iliyofuata hakuna aliyeita. Lori halikuja, sauti haikuja. Watu walikaa nje ya mahema, magunia mapajani, hata jua likawa kali na watoto wakachoka kulia. Mama Pacha akaenda kupiga magoti mbele ya mzee.

"Babu, mrudishe."

"Mwanangu, yule atawamaliza."

"Hata tukikaa hapa tunakwisha. Mrudishe."

Wengine nao wakapiga magoti nyuma yake. Mzee akainamisha kichwa. Hakusoma chochote, hakufukiza chochote.

"Kazi ipo," ikasema sauti kutoka ardhi ile kavu, taratibu, kama ya ndugu. "Njooni nyote."

Wa kwanza kuinuka alikuwa mzee mwenyewe, gunia begani.